Niliwaambia Nimepona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hiyo amina ni ya watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe tena! Sasa nimewasikia. Kwa wageni waliotutembelea leo, mimi ni Mama Jilo, mke wa Baba Jilo yule pale mwenye shati la mistari, mkulima wa mpunga na ndizi, mwenyeji wa hapa hapa Garsen. Wenyeji wananijua kwa mdomo. Mchungaji ameniomba nisichukue asubuhi nzima, nami nimemwahidi, ingawa sote wawili tunazijua ahadi zangu za namna hiyo.

Ndugu zangu, mara ya mwisho niliposimama hapa mbele niliwaambia nimepona. Mlipiga makofi, mkaimba, wengine mkalia. Leo nimekuja kuwaambia kwamba sikuwa nimepona. Niliwadanganya, na uongo huo nimeubeba muda mrefu kuliko mimba. Msinung'unike kwanza. Nisikilizeni, kwa sababu Bwana amenitoa humo, na jinsi alivyonitoa ndiyo inayonifanya nimshukuru leo.

Yalianza mwaka ule wa mafuriko makubwa. Mnakumbuka mpunga ulivyooza ukiwa umesimama, tukahamia kwenye mahema kule juu. Mimi nililala miezi juu ya turubai na mama mkwe wangu mgonjwa pembeni, namgeuza, namwogesha, sikio moja liko kwake na la pili liko mtoni. Maji yaliposhuka, kila mtu alishika jembe akarudi shambani. Na mimi nikashika langu, likanikataa. Mabega yaliniuma, nikasema ni uchovu. Kisha ikawa shingo, kisha nyonga, kisha magoti, mwisho sikuweza kumwambia mtu panaponiuma, maana hapakuwa na pasiponiuma. Leso ikinigusa tu begani nilisikia kama nimemwagiwa uji wa moto. Nililala usiku kucha, nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala. Hata kichwa kilianza kunitoroka. Siku moja nilimtazama Dada Habona, jirani yangu wa miaka, nikawa natafuta jina lake kama mtu anayetafuta sindano kwenye makapi.

Nilikwenda hospitali. Nikatolewa damu, nikapimwa mkojo, nikapigwa picha. Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Mifupa mizima, viungo havijavimba, damu nzuri. Nikaenda hospitali nyingine, mambo yakawa yale yale. Ndugu zangu, hamuujui uchungu wa karatasi safi! Mtu mwingine angepiga magoti ashukuru. Mimi nilitamani wakute hata kidonda kidogo tu, nipate kitu cha kumwonyesha mume wangu.

Maana mnajua sisi tunavyovuna. Tunavuna kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, kila mwanamke na kisu chake kidogo, suke kwa suke. Ukivuniwa lako usipokwenda kwa wenzako, hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo kwetu, hata mwizi wa kuku ana afadhali. Basi mlinivunia langu, na zamu zenu zilipofika, siku moja naweza, siku tatu siwezi. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba unaachia na kushika. Kwenye arusi ya binti wa Dada Habona uliniachia, nikacheza mpaka mkanishangilia. Kesho yake ilikuwa zamu ya shamba lake, na mkono haukuweza kushika kisu. Mkasema, Mama Jilo arusini mzima, shambani mgonjwa. Siwalaumu. Angekuwa mwingine, mimi ningesema hayo na kuongeza chumvi.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya kuwaombea wagonjwa. Niliitwa mbele, nikaombewa, na sitaki mtu atoke hapa akisema naidharau ile sala. Nilijisikia mwepesi. Furaha ilinijaa, na kwa saa ile maumivu yalikwenda kweli. Kisha tukafanya kosa ambalo ni watu wa mpunga tu wanaoweza kulifanya. Kwetu mwanamke aliyeugua hajapona kwa sababu amesema amepona. Amepona siku anaporudi kwenye kinu. Basi mtu mmoja akakimbia nyumba ya pili akaleta kinu, mwingine mpunga, mwingine mchi, nikaambiwa nimtwangie Bwana. Nikatwanga! Mlikuwa mkiimba na mchi ukifuata wimbo. Nikatwanga mpaka mchele ukatoka mweupe, ndipo nikasimama hapa, jasho linanitiririka, nikasema nimepona. Ule mchele ulipikwa, tukala wote.

Jumatatu sikuweza kuinua mikono nijifunge leso. Jumanne sikutoka kitandani. Jumatano nikajiuliza, nitarudi kuwaambia nini watu hawa, na mchele wenyewe wamekwisha kuula?

Basi nikawa mgonjwa wa siri. Alfajiri navuka na mtumbwi kwenda shamba la ng'ambo kabla hamjaamka, nikifika najilaza kati ya migomba. Jioni narudi nikisema nimepalilia. Magugu yalikuwa yakinisuta, lakini magugu hayaji kanisani. Mkinisalimu, najibu mimi ni mzima kwa jina la Bwana, na kila nikisema hivyo shingo inazidi kukaza. Hospitali niliacha kabisa, maana mwanamke aliyepona angepangaje foleni na wagonjwa? Maumivu niliyazoea kidogo. Kitu ambacho sikukizoea ni kuwa peke yangu nayo.

Ndugu zangu, Bwana alinifuata. Hakumtuma mhubiri. Alimtuma muuza maziwa.

Wengi wenu mnamjua Dhahabo, yule mama wa Kiorma anayeleta maziwa sokoni. Nimenunua kwake miaka mingi. Hata wakati ule wa ugomvi, watu wetu na watu wao hawakuwa wakisalimiana, maziwa yake yalifika kwangu, naye aliondoka na ndizi zangu. Asubuhi moja alikuja, akanimiminia maziwa, lakini hakuondoka. Akasema, "Mama Jilo, mimi nasikia wewe nalipona kanisani. Mimi naumwa hivyo hivyo. Mwili yote. Wewe nalifanya nini?"

Nikamjibu, "Niliombewa."

Akafikiri kidogo, akaniambia yeye ni Muislamu, na kwao yuko mzee anayetibu maumivu kwa kuchoma na chuma cha moto. Basi angekwenda huko. Ilikuwa nifungue mdomo tu. Ningemwambia, dada, ngoja, hata mimi bado naumwa. Nikafuta jagi langu, nikamwambia Mungu amsaidie. Mdomo huu mnaoujua, unaowashinda hata kuku kwa kelele, siku ile ulifungwa! Niliogopa habari zitafika kanisani.

Majuma mawili Dhahabo hakuonekana. Aliporudi hakutaka kuegemea ukuta kama kawaida yake. Nikamuuliza vipi. Akateremsha mtandio, nikaona. Mabegani na mgongoni alikuwa na vidonda vya duara, vingine vimeanza kukauka, vingine bado vibichi vinatoa maji. Nikamuuliza kama yamesaidia. Akasema, "Haijasaidia. Mzee nasema ugonjwa imekimbia, imepanda shingo. Jumamosi nachoma tena, hapa."

Akanionyesha kwa kidole shingoni pake. Nataka niseme haki: yule mzee hakumchoma kwa ubaya, wala mumewe hakumpeleka kwa ukatili. Walimpenda, na hiyo ndiyo dawa waliyoijua. Aliyejua kitu akanyamaza ni mimi. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia, ndugu zangu. Nikamshika mkono nikamwambia, "Dhahabo, mimi sikupona. Hata leo asubuhi sufuria imenishinda kuinua."

Akapandisha mtandio wake begani. Kisha akasema polepole, "Na mgongo yangu, Mama Jilo?"

Nililia, naye akalia, tukakaa pale mlangoni na maziwa ya wateja wake yanangoja. Mwisho akajifuta uso akauliza tunakwenda wapi sasa. Hakusema anakwenda wapi yeye. Alisema tunakwenda. Bwana ambariki mwanamke yule!

Tulikwenda hospitali Alhamisi, siku mbili kabla ya kuchomwa. Nilitembea katikati ya Garsen mchana kweupe, mimi niliyepona, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Daktari tuliyemkuta ni mama wa makamo, kwao ni Bangale huko juu, na anakijua Kiorma. Nikamwekea bahasha yangu ya karatasi safi mezani. Alizisoma zote, moja baada ya nyingine. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: tunalalaje, na tukiamka tunajisikiaje. Akauliza maumivu yamekaa muda gani, yako upande mmoja wa mwili au kila mahali, kama tunasahau mambo, kama kichwa na tumbo vinasumbua. Mimi na Dhahabo tukawa tunatazamana, maana mwenzangu akijibu kwa Kiorma, na mimi nikijibu kwa Kiswahili, daktari anaandika mambo yale yale.

Alitushika hapa na pale, akatazama viungo, akaagiza Dhahabo naye apimwe damu asije akawa na ugonjwa mwingine. Kisha akaweka kalamu chini, akaniambia, "Mama, maumivu yako ni ya kweli. Karatasi ziko safi kwa sababu vipimo hivi vinatafuta vitu vingine."

Nikajifunika uso kwa leso. Daktari alidhani ameniumiza. Ndugu zangu, lilikuwa neno langu la kufunguliwa! Nilikuwa nimeambiwa ni uvivu, nimeambiwa ni mawazo, nimeambiwa ni majini, na mimi mwenyewe nilikuwa nimefika mahali pa kujiuliza kama najitungia. Mtu aliyesoma ananiambia ni ya kweli!

Akautaja kwa jina: fibromialjia. Nililisema njia nzima tukirudi lisinitoroke, na Dhahabo alicheka akasema jina lenyewe linatosha kumuumiza mtu. Alitueleza, nami nitawaambia kama nilivyoelewa, kwa mambo ya kwetu. Mnamjua mtu anayekaa juu ya dungu kulinda mpunga usiliwe na ndege. Kundi likija, anapiga kelele, na ni vizuri apige. Lakini fikirini mlinzi aliyeshambuliwa na ndege mpaka akapoteza raha, sasa hata jani likitikisika anapiga kelele, hata kipepeo, hata upepo. Shamba ni zima, ndege hakuna, lakini kelele ni za kweli na zinakunyima usingizi. Ubongo na mishipa ya fahamu ya mtu kama mimi ndivyo vilivyo. Kitu kidogo kikinigusa, mwili unapiga kelele ya kitu kikubwa.

Nikamuuliza nani amenifanyia hivi. Akasema hakuna aliyenifanyia. Chanzo kimoja hakijajulikana. Kwa wengine huanza baada ya ugonjwa au kuumia, kwa wengine baada ya mashaka ya muda mrefu na kukosa usingizi, nami nikaikumbuka ile turubai. Akasema watafiti wanaendelea kutafuta, wengine wanachunguza ubongo, wengine mishipa, wengine kinga ya mwili, na bado hawajakubaliana. Nilimpenda kwa kusema hajui. Mimi nilikuwa nimesema najua nimepona, nikasababisha mgongo wa mtu kuchomwa.

Akasema pia kwamba mara nyingine unatembea katika ukoo, akauliza kama kwetu kuna mwingine. Ndipo nikamkumbuka mama yangu mzazi. Alikuwa akianza kupalilia, baada ya muda anakwenda kuketi kivulini, anasema mwili hauna raha. Sisi wanawe tulimwita Bibi Kivuli, tukacheka. Sijui kama alikuwa na ugonjwa huu, amelala na hawezi kupimwa tena. Lakini nilimwomba msamaha pale pale kwenye kiti cha daktari.

Dawa ya kuumaliza haipo, alituambia wazi. Ya kuupunguza ipo, na kubwa yake haimo kwenye chupa. Ni kutembea kila siku, kidogo kidogo, mwili uzoee kwamba kusogea si hatari. Ni kulala na kuamka kwa saa zile zile. Ni kugawanya kazi, usifanye ya siku tatu kwa siku moja kwa sababu leo umejisikia vizuri, kisha ulale siku nne. Hapo nilikiona kile kinu! Akatupa na dawa ndogo ya kunywa jioni. Mimi ilinifaa. Dhahabo ilimpa kizunguzungu, akarudi akabadilishiwa. Kumeza vidonge vya maumivu kama njugu akatukataza, kwa ugonjwa huu havisaidii sana, na tumbo linaharibika.

Dhahabo akamuuliza kwa Kiorma habari za Jumamosi. Daktari akaomba namba ya mumewe, akampigia mbele yetu, wakaongea sana. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilimwona Dhahabo akianza kulegeza mabega. Na Jumamosi ile, ndugu zangu, Dhahabo hakuchomwa. Aliniletea maziwa.

Bwana asifiwe! Nikabaki na deni la ukweli. Nilianzia nyumbani. Nilimketisha Baba Jilo, nikamweleza yote. Akasikiliza, akasema, "Mimi nilijua. Kila asubuhi nakusikia unavyoshuka kitandani. Nilingoja uniambie." Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza yeye. Akasema aliogopa kuwa mtu wa kwanza kusema sala haikujibiwa. Basi tulikuwa wawili nyumba moja, kila mtu anamlindia Mungu heshima yake kwa kunyamaza.

Kisha nikaenda kwa Mchungaji. Njiani nilirudi mara mbili. Nilijua naye angechekwa, kwa kuwa habari ya kile kinu ilikuwa imefika mpaka Kipini. Nilipomaliza kusema alisimama, nikadhani ananifukuza. Akasema, "Mama Jilo, Mungu hahitaji tumsaidie kwa uongo. Jumapili njoo useme." Akaongeza kwamba hata yeye ana sehemu yake ya kutubu, maana alikuwapo mchi ulipoletwa na angeweza kuuzuia. Nakushukuru, baba. Wachungaji wa kusema hivyo si wengi.

Basi ndugu zangu, ndiyo hayo. Nawaomba msamaha. Msidhani nimekuja kuwakatisha tamaa ya kuomba. Ombeni! Mimi naomba kila siku, tena sasa naomba nikiutaja ugonjwa wenyewe kwa jina, ingawa kwa ulimi wangu linatoka kila siku kivyake. Niliomba Bwana aniondolee maumivu, naye hajayaondoa yote. Amenipunguzia, na kabla ya hayo aliniondolea kitu kilichokuwa kizito zaidi, ule upweke na ule uongo. Wiki iliyopita nilivuna nusu zamu, nikaketi, nikawaambia wenzangu waziwazi nimeketi kwa sababu gani. Dada Habona akanimalizia safu yangu. Nasema asante, Dada Habona, na jina lako sijalisahau tena.

Dhahabo amenipa ruhusa nimtaje. Alisema tu nisisahau kuwaambia kwamba maziwa yake hayana maji. Mgongo wake umepona, alama zimebaki. Kila nikiziona nakumbuka bei ya ukimya wangu, na yeye kila akiniona nazitazama anajifunika mtandio na kuniuliza habari za ndizi. Huo ndio msamaha wake, na ni mkubwa kuliko wa maneno.

Sasa nawaalika. Najua humu ndani wako wanaoumwa wakatuficha, kwa sababu vipimo havikuonyesha kitu, au kwa sababu waliwahi kusema wamepona. Siwaiti mbele. Hatuna kinu leo. Nendeni hospitali, na mkiambiwa hamna kitu na bado mnaumwa, rudini tena mkaseme tena. Mtegemeeni Bwana, yeye haogopi ukweli wenu. Na Jumanne na Alhamisi, jua likichomoza, mimi na Dhahabo tunatembea juu ya tuta la mashamba ya mpunga, mpaka pale maji yanapoingia, kisha tunarudi. Hatukimbii, na tukichoka tunaketi. Mwanamke au mwanamume, Mkristo au Muislamu, njoo.

Na ikifika siku hiyo ukaona huwezi, tuma neno tu kwamba mwili umekataa. Hatutauliza karatasi. Tutakuamini.